Kuovakloki Ryzen 5 5600 kwenye chumba chenye joto: hatua kwa hatua

Miongozo mingi ya kuovakloki (kuikimbiza prosesa kuliko kasi ya kiwandani) iliyozagaa mtandaoni imeandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Wakikwambia prosesa yao ilifika nyuzi 78 ikiwa na mzigo wote, jumlisha na tofauti ya chumba chako. Sebuleni Dar es Salaam mwezi Februari, bila AC, hewa inayoingia kwenye kesi ya kompyuta ina nyuzi 31 au 32. Prosesa ile ile, na kipoozeo kile kile, itasoma karibu 88. Joto la chumba huhamia kwenye prosesa karibu nyuzi kwa nyuzi, na feni hata iwe kubwa kiasi gani haiwezi kuipooza prosesa chini ya hewa inayoivuta. Kwa sababu hiyo kazi yetu haitaanza na kuongeza volti. Itaanza na kuzipunguza.

Nimechagua Ryzen 5 5600 kwa kuwa ndiyo prosesa ambayo watu wengi wanaojijengea kompyuta ya gemu kwa bajeti ya kati wanaishia nayo. AMD waliitoa Aprili 2022: viini 6 (sehemu za ndani zinazofanya hesabu, yaani cores), kasi ya msingi gigahezi 3.5, kasi ya juu 4.4, soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mkuu) ya AM4. Hatua hizi zinafaa pia kwa 5600X, 5700X na 5800X. Hazifai kwa 5800X3D, kwa sababu hiyo AMD wenyewe waliifunga isiovaklokiwe kwa njia ya kawaida.

Kabla ya yote: je, utafaidika?

Fungua gemu unayocheza zaidi, iache iendelee, kisha tazama matumizi ya kadi ya grafiki kwenye Task Manager. Ikiwa GPU iko asilimia 97 hadi 99 muda wote, prosesa yako inaisubiri kadi, na kuiongezea kasi hakutakuletea fremu za maana. Hapo afadhali ushushe ubora wa vivuli au uweke akiba ya kadi nyingine. Ikiwa GPU inacheza kwenye asilimia 60 au 70 huku fremu zikishuka ghafla kila watu wanapokusanyika mahali pamoja, kama inavyotokea sana Counter-Strike 2 kwenye skrini ya 1080p, basi prosesa ndiyo inayokubana na kazi hii ni yako.

Hata hivyo, usitarajie miujiza. Kuna wakati kuovakloki kulibadilisha kabisa thamani ya kompyuta. Core i5-2500K ya Intel, ya mwaka 2011, ilitoka kiwandani na gigahezi 3.3 na watu wengi waliifikisha 4.5 kwa kubadilisha namba mbili tatu tu. Prosesa za leo zinajiovakloki zenyewe: mara nyingi ndani ya kila sekunde zinapima joto, volti na mkondo wa umeme, kisha zinajiongezea kasi zinapoona nafasi. Kinachobaki kwako ni asilimia chache za kasi, pamoja na joto pungufu na feni zisizopiga kelele. Kwangu mimi hivyo viwili vya mwisho vina uzito kuliko namba ya gigahezi.

Kwa nini volti ndiyo adui

Joto linalotoka kwenye prosesa hufuata kasi mara volti mara volti tena. Yaani volti inahesabika mara mbili. Chukua mfano: umetoka gigahezi 4.2 kwa volti 1.20 ukaenda 4.6 kwa volti 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 9.5. Volti imepanda kwa asilimia 12.5, lakini ukiizidisha kwa yenyewe inakuwa asilimia 26 na ushee. Jumla yake, joto limeongezeka karibu asilimia 39. Umelipa 39 ukapata 9.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Kila prosesa hutoka kiwandani na volti za ziada, maana AMD lazima wahakikishe hata kipande dhaifu kuliko vyote kwenye kundi kinafanya kazi bila kuganda. Chako huenda si dhaifu. Ukiipunguzia volti ambazo haihitaji, inapoa, na ikipoa inaona nafasi ya kujiongezea kasi. Unapata kasi zaidi kwa umeme ule ule.

Hatua ya 1: Vifaa

Madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) iwe yenye chipseti ya B450, B550, X470 au X570. Za A320 na A520 hazikukusudiwa kuovakloki. Kwa B450 za bei ya chini kabisa, tazama pembeni ya soketi: kama vile vijisanduku vyeusi vinavyoilisha prosesa umeme viko wazi, havina hitisinki (chuma cha kutawanya joto) juu yake, usivuke viwango vya wati nitakavyotaja.

Kipoozeo kinachokuja kwenye boksi, Wraith Stealth, ni kidogo. Kwenye chumba cha nyuzi 32 kitakupeleka karibu na nyuzi 90, na hapo ndipo AMD walipoweka kikomo cha 5600. Kwa kipoozeo hicho bado unaweza kupunguza volti na ukaona faida, ila usiongeze wati hata moja. Mwenye uwezo anunue kipoozeo cha mnara chenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Cha maji chenye rejeta si lazima kwa prosesa hii.

Unapong'oa kipoozeo cha zamani, sikiliza vizuri hapa. Prosesa za AM4 zina pini kwa chini, na pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) iliyokauka huing'ang'ania prosesa kiasi kwamba ukivuta kipoozeo moja kwa moja juu, prosesa inachomoka nacho ingawa komeo la soketi limefungwa. Pini zinapinda. Washa kompyuta, ipe kazi nzito kwa dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, fungua skrubu, kisha zungusha kipoozeo kidogo kulia na kushoto mpaka uhisi kimeachia. Ndipo unyanyue. Safisha pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, na ubandue ile nailoni iliyo chini ya kipoozeo kipya. Nailoni hiyo inasahaulika mara nyingi, na prosesa inafika kikomo cha joto hata kabla Windows haijamaliza kuwaka.

Vumbi nalo ni sehemu ya kazi hii. Puliza hitisinki na vichujio vya mbele vya kesi kabla ya kupima chochote, na uzishike feni kwa kidole zisizunguke unapopuliza.

Hatua ya 2: Pima ilivyo sasa

Pakua HWiNFO64, inayoonyesha joto, volti na kasi, na Cinebench R23, inayoipa prosesa mzigo mzito kisha kuipa alama. Endesha Cinebench ya viini vyote kwa dakika 10, ile chaguo yake ya kawaida, huku HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Andika kwenye daftari vitu vitano: alama uliyopata, joto la juu kabisa, kasi ya viini vyote, wati zinazoandikwa CPU PPT, na joto la chumba. Ryzen 5 5600 isiyoguswa hupata pointi elfu kumi na kitu. Ikiwa yako iko chini sana ya hapo, una tatizo la kipoozeo au la RAM, na litatuliwe kwanza.

Utaona pia kitu kinachowatisha wengi: kompyuta ikiwa haifanyi lolote, volti zinaruka hadi 1.4 na kupita. Hilo ni la kawaida. Kiini kimoja kikifanya kazi fupi hutumia mkondo mdogo, na volti hizo hazikidhuru. Hatari ni volti kubwa zikikutana na mkondo mkubwa na joto kubwa kwa saa nyingi, maana hapo atomi za metali kwenye vijinjia vya ndani huanza kusogea, na prosesa inachakaa kabla ya wakati wake.

Hatua ya 3: BIOS mpya na RAM

BIOS ni programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta na kubeba mipangilio yake. Pata mpya kwenye tovuti ya aliyetengeneza madabodi yako, kwa modeli yako hasa pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ubao. Iweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha BIOS, madabodi inaweza isiwake tena, kwa hiyo azima UPS (betri ya kushikilia umeme) kama huna. Kwa mitaa ambayo umeme unakatika bila taarifa, mimi siigusi BIOS bila UPS, hata kama kazi yenyewe ni ya dakika tatu.

Ukimaliza, washa XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye pakiti; kwenye ASUS huandikwa DOCP. Watu wananunua RAM ya 3200 au 3600 kisha wanaitumia miaka miwili ikiwa kwenye 2133 au 2400, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti haijiwashi yenyewe. Kwenye Ryzen, RAM inaathiri gemu kuliko megahezi 100 za prosesa. Ya 3600 ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa njia inayounganisha prosesa na RAM hukimbia kwa 1800, sawasawa na mwendo halisi wa RAM hiyo. Hakikisha kuwa zipo vipande viwili, vimekaa kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa.

Ijaribu RAM kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima kabla ya kugusa prosesa. RAM ikiwa na kasoro, utailaumu prosesa bure kwa wiki nzima.

Hatua ya 4: Viwango vya umeme

Ingia BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 kompyuta inapowaka. Tafuta Precision Boost Overdrive, sehemu ya AMD ya kubadilisha viwango ambavyo prosesa hujiongezea kasi ndani yake. MSI wameiweka chini ya OC, ASUS chini ya Ai Tweaker, Gigabyte chini ya Tweaker au chini ya AMD Overclocking iliyo kwenye Settings, na ASRock chini ya OC Tweaker. Iweke Advanced, kisha viwango uvichague kwa mkono.

Kuna namba tatu. PPT ni wati zote zinazoingia kwenye soketi, TDC ni mkondo wa muda mrefu, EDC ni mkondo wa ghafla. Kwa 5600 kiwanda kimeweka 76, 60 na 90. Mwenye kipoozeo cha boksi aziache hivyo hivyo. Mwenye kipoozeo cha mnara aweke 95, 65 na 95. Angalia kizio: baadhi ya BIOS zinataka miliwati na miliampea, kwa hiyo 95 inaandikwa 95000. Usichague ile inayoruhusu viwango vya madabodi, kwa sababu hizo ni namba kubwa kupita kiasi na kwenye chumba cha joto zitakupa joto tupu.

Chini yake kuna Platform Thermal Throttle Limit. Weka 85. Hapo prosesa itajipunguza yenyewe ikifika nyuzi 85 badala ya kusubiri 90. Scalar iache kwenye Auto.

Hatua ya 5: Kupunguza volti kwa Curve Optimizer

Hapa ndipo penye faida. Curve Optimizer inashusha volti katika kila kasi, na kila namba moja ni takriban milivolti 3 hadi 5. Chagua All Core, Negative, kisha andika 10. Hifadhi, washa Windows, rudia Cinebench. Joto linapaswa kushuka na alama kupanda kidogo. Nenda 15, pima. Nenda 20, pima. Kikomo cha BIOS ni 30, na prosesa chache tu hufika huko na viini vyote vikiwa salama.

Kila mara linganisha alama na ile ya mwanzo. Volti zikiwa pungufu mno, prosesa inaweza isigande bali ikaanza kuruka midundo kimyakimya: HWiNFO inaonyesha gigahezi 4.4, lakini mstari wa Effective Clock (kasi halisi) uko chini yake na alama imeanguka. Ukiona hivyo umeshapita kiasi. Rudi nyuma namba tano.

Cinebench ikipita usishangilie bado. Kosa la kupunguza volti kupita kiasi halijitokezi kwenye mzigo mkubwa. Linajitokeza kwenye mzigo mdogo, pale kiini kimoja kinapokimbia hadi kasi yake ya juu kabisa kwa sekunde moja. Kompyuta inacheza gemu saa tatu bila shida, kisha unafungua kivinjari usome habari na inajizima ghafla, bila skrini ya bluu wala maelezo. Watu hubadilisha pawa saplai kwa sababu ya dalili hii, na saplai haina kosa lolote.

Ili kulinasa, tumia CoreCycler. Ni programu ya bure inayoendesha Prime95, jaribio zito la hesabu, kwenye kiini kimoja kimoja kwa zamu. Iache usiku kucha. Kiini kitakachoshindwa itakitaja kwa namba.

Kama kompyuta imejizima yenyewe, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System, utafute mstari wa WHEA-Logger (kinachorekodi makosa ya vifaa) wenye namba 18. Ndani yake kuna neno APIC ID. Igawe kwa mbili na uache mabaki: APIC ID 6 ni kiini namba 3, na APIC ID 7 pia ni kiini namba 3, kwa kuwa kila kiini kina nyuzi mbili za kazi (threads) na hesabu inaanza na sifuri. Sasa rudi BIOS, badilisha All Core kuwa Per Core, na ukipunguzie mzigo kiini hicho peke yake: kama kilikuwa hasi 20, kipe hasi 15. Vingine viache.

Mara nyingi vinavyoshindwa mapema ni viini bora kuliko vyote, vile ambavyo Ryzen Master, programu ya AMD, huviwekea nyota. Inaonekana kinyume, lakini ina mantiki: kiini bora kiwanda tayari kimekipa volti chache, kwa hiyo akiba ya kukatwa ni ndogo. Mpangilio unaotokea sana ni hasi 8 au 10 kwa viini viwili vyenye nyota, na hasi 20 hadi 25 kwa vinne vilivyobaki. Chako kinaweza kutofautiana, na namba za rafiki yako usizinakili hata kama mmenunua duka moja siku moja.

Hatua ya 6: Sasa ongeza kasi

Joto likiwa limeshuka, tafuta Max CPU Boost Clock Override. Anza na 50, kisha 100, na ukifika 200 kasi ya juu itakuwa karibu gigahezi 4.6. Kila ukipandisha, rudia CoreCycler, kwa kuwa kasi mpya inadai volti ambazo umezikata katika hatua iliyopita. Kiini kikishindwa, kirudishie namba mbili tatu za Curve Optimizer kabla ya kukata tamaa na hizo megahezi.

Ipo njia nyingine ya kizamani: kufunga viini vyote kwenye kasi moja, mfano kuandika 46.00 kwenye CPU Ratio na volti 1.25. Kizidishi 46 mara megahezi 100 ni 4600. Inafanya kazi, na anayerenda video muda wote anaweza kuipenda. Mimi siishauri kwa gemu kwenye chumba cha joto, maana prosesa inakosa uhuru wa kujishusha na kujipandisha kulingana na hali. Ukiifuata, usivuke volti 1.30 zinazosomwa wakati wa mzigo.

Kompyuta ikikataa kuwaka

Subiri kwanza. Baada ya kubadilisha RAM au volti, madabodi inaweza kuwaka na kuzima mara kadhaa ikijipanga upya, na inaweza kuchukua zaidi ya dakika. Ikipita dakika tano, zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, halafu gusanisha kwa bisibisi pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, au JBAT1 kwa MSI, kwa sekunde kumi. Usipoziona, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika tano. BIOS itarudi kama ilivyotoka kiwandani, na prosesa haitakuwa imedhurika.

Wenye Intel

Unahitaji prosesa yenye herufi K na madabodi ya Z. Core i5-12400 pamoja na B660 ya kawaida itakuruhusu RAM tu. Wenye kizazi cha 13 na 14 waweke BIOS ya karibuni kabla ya jambo lolote: mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti kubwa kuliko inavyotakiwa na nyingine zikaharibika moja kwa moja, wakatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kuumia BIOS mpya haiiponyi, kwa hiyo ikiwa yako inaangusha gemu hata bila kuovakloki, ipeleke kwenye dhamana. Na kwa wote, AMD na Intel: uharibifu unaotokana na kuovakloki hauingii kwenye dhamana.

Hatua ya 7: Hifadhi, kisha rudi Desemba

Hifadhi mpangilio wako kama profaili ndani ya BIOS na upige picha za kurasa hizo kwa simu. Kubadilisha BIOS baadaye hufuta kila kitu, na mara nyingi profaili ya BIOS ya zamani haikubaliki kwenye mpya, kwa hiyo picha ndizo zitakazokusaidia.

Kama umefanya kazi hii Juni au Julai, hukuipima kwenye hali yake ngumu. Pukuta vumbi mwezi Desemba, endesha tena Cinebench ya dakika 10 saa nane mchana madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, na ulinganishe na daftari. Ikigusa 85 na kasi ikaanza kushuka, toa wati kumi kwenye PPT. Kwenye gemu hutaona tofauti.